Wapenda muziki wameniita tukaishi pamoja, nami sijamwambia mwenzangu wa chumba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti ninayesomea udaktari. Mwaka ujao wa masomo naingia mwaka wa tatu, na huko kwetu ndipo tunapotoka darasani kwenda wodini, zamu za usiku zikiwemo. Napiga fidla tangu utotoni. Si mpigaji wa kusifiwa, ila noti nazisoma vizuri na nikikaa ndani ya kundi sipotezi mapigo.

Chuo chetu kina mpango wa makazi ya wanafunzi wanaopenda jambo moja. Kikundi kinaandika maombi, kinaeleza kinachokiunganisha na shughuli kitakazofanya, na kikikubaliwa kinapewa upande mzima wa hosteli kwa mwaka mmoja. Wapo waliopewa kwa ajili ya lugha, wengine mazingira, wengine programu za kompyuta. Safari hii kikundi cha muziki kimekubaliwa. Upande wenyewe una vyumba 6 vya watu wawili wawili, yaani vitanda 12, jiko moja, sebule moja, na chumba kidogo mwisho wa korido kilichokuwa stoo, ambacho sasa kitakuwa cha mazoezi.

Masharti ya chuo ni haya. Vitanda vyote vijae kabla ya siku ya mwisho ya kugawa vyumba. Kila mkaazi ashiriki shughuli 2 kila mwezi. Nyumba iandae onyesho 1 kila semesta, na mwanafunzi yeyote wa chuo aruhusiwe kuhudhuria. Kitanda kitakachobaki wazi atapewa aliye kwenye orodha ya kusubiri, hata kama muziki haumhusu. Mwisho wa mwaka kuna tathmini, na nyumba ikianguka, upande unarudi kuwa hosteli ya kawaida.

Mpaka sasa wamefika 10. Wameniomba niwe wa 11, na nina wiki mbili za kujibu.

La kwanza linalonisumbua ni mwenzangu wa chumba. Tumekaa pamoja tangu siku tuliyoripoti chuoni. Nilipougua wakati wa mitihani, yeye ndiye aliyekaa pembeni ya kitanda changu akinisomea muhtasari wa masomo yangu, ambao yeye mwenyewe haumhusu hata kidogo. Hapigi ala yoyote. Anajua kwamba mwaka ujao tutajaza fomu ya chumba pamoja kama kawaida, na juzi ameniuliza kama tuombe ghorofa ya juu. Nikamjibu tutaona. Najisikia vibaya kila nikimtazama.

La pili, kiongozi wa kikundi ni mtu mzuri lakini hapendi kuandika mambo. Nilipouliza chumba cha mazoezi kitagawanywaje, akasema, "Sisi ni familia, tutaelewana." Kati ya wale 10, wawili wanapiga dramu na mmoja tarumbeta. Nami kuna siku nitarudi kutoka wodini asubuhi nikitaka kulala.

La tatu, mama anasema fidla ni ya likizo, udaktari hauchanganywi na kitu. Sikubaliani naye, lakini kuna kitu kinanitia hofu. Sekondari nilikuwa kwenye bendi ya mashindano, na tulipomaliza sikuigusa fidla mwaka mzima. Naogopa nyumba hii isije ikanifanyia vilevile, tena safari hii nikiwa nimefungwa na kitanda.

La mwisho naona aibu kulisema. Nina upweke, Shangazi. Kwenye kozi yetu kila mtu anasoma peke yake na kuondoka. Nikitoka kwenye mazoezi ya Jumamosi na wale wenzangu, narudi nimechangamka hadi usingizi unakataa. Nawaza, nikiishi nao, si wiki nzima itakuwa hivyo?

Je, nikienda nitakuwa nimemsaliti rafiki yangu? Na nikikataa, vitanda visipojaa, si watasema mimi ndiye niliyewaharibia?

Wako,
Niliye Njia Panda

*

Marahaba, binti yangu. Asante kwa kuandika kwa uwazi, hasa hilo la mwisho uliloliona la aibu. Ndilo ambalo nisingependa tulipite haraka.

Nikikuelewa vizuri, wenzako wanakuuliza swali moja la ndiyo au hapana, lakini ndani yake mna mambo manne: urafiki unaouogopea, nyumba ambayo bado haijajipangia utaratibu, fidla isije ikageuka mzigo, na upweke unaotafuta dawa. Yamekujia kwa mpigo kwa sababu tarehe ya mwisho ni moja. Kuyatatua kwa jibu moja ni vigumu. Inawezekana kabisa nyumba ikaifaa fidla yako na isikufae wewe, au ikakupa watu na ikakunyima usingizi. Tuyatazame moja moja, na naanza na ile Jumamosi.

Wiki ina saa 168. Tuseme mazoezi yenu yanachukua saa 3. Katika saa hizo kila mmoja amekuja kwa hiari yake, amejiandaa, na ana kitu cha kufanya mikononi. Saa 165 zinazobaki ndizo nyumba yenyewe: sufuria iliyoachwa na mabaki, mtu anayeongea na simu koridoni usiku, mwingine ana jaribio kesho na amenuna tangu asubuhi. Wale 10 umewajua katika saa zao nzuri kuliko zote, na ni haki yako kuwapenda. Hujawaona Jumanne usiku, katikati ya semesta, umeme wa mwili umekwisha.

Kuna utafiti unaokuhusu. Mwaka 1954, na tena 1955 kwa kundi jingine, mwanasaikolojia Theodore Newcomb wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliwaweka wanafunzi 17 wa kiume wasiojuana katika nyumba moja. Walikaa bure, kwa sharti la kumjazia madodoso yake. Mwanzoni waliovutana ni wale waliopangiwa karibu karibu. Semesta iliposonga, nguvu ya ukaribu wa vyumba ikapungua, na walioshikana zaidi wakawa wale wanaotazama mambo ya maisha kwa jicho linalofanana. Kupenda muziki kutawapa maongezi ya wiki za mwanzo. Hakutakuambia kama mwenzako anaona saa 6 usiku ni usiku au bado ni jioni, kama huchukua kitu cha mtu bila kuomba, na kama akikasirika husema au hufunga mlango kwa kishindo.

Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, waombe ukae nao jioni moja ya siku ya kazi. Usiende na fidla. Nenda na daftari, msome pamoja, mpike, muoshe vyombo. Tazama nani anaosha na nani anaondoka. Halafu uliza jambo ambalo wengi husahau: chumba kipi, na nitalala na nani? Watafiti Festinger, Schachter na Back walipochunguza makazi ya wanafunzi wenye ndoa wa MIT, chuo cha teknolojia huko Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1950, walikuta kwamba kati ya waliopakana mlango kwa mlango, asilimia 41 walitajana kuwa marafiki wa karibu. Kati ya waliokaa ncha mbili za korido moja, asilimia 10 tu. Jengo lilikuwa lile lile na ghorofa ile ile. Watu 12 wana jozi 66, na wewe utaishi hasa na jozi chache zilizo karibu na mlango wako. Tena kuna kile kitanda cha 12. Kama kitajazwa kutoka orodha ya kusubiri, je, kitakuwa chumbani kwako? Mtu huyo hatakuwa amekosa chochote akitaka kulala saa 4 usiku, lakini ni wewe utakayekuwa katikati yake na dramu.

Sasa hilo la "tutaelewana". Naamini kiongozi wenu analisema kwa moyo mwema. Ila hebu tuweke hesabu ya stoo yenu mezani. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa 11 jioni vipindi vinapokwisha hadi saa 4 usiku, mna saa 25. Jumamosi na Jumapili, saa 3 asubuhi hadi saa 1 jioni, mna saa 20 nyingine. Jumla 45. Mkitenga saa 3 za kuandaa onyesho, zinabaki 42, na kwa watu 12 kila mmoja ana saa 3 na nusu kwa wiki, sawa na nusu saa kwa siku. Hiyo ni kama mgawo ni wa haki. Bila karatasi mlangoni, wanaomaliza vipindi mapema watakuwa wamekaa humo kila siku saa 11, na wewe unayetoka wodini saa 1 utakuta pamejaa hadi usiku. Hapo hakuna mbaya. Kuna ratiba iliyokosekana.

Kelele zina kanuni zake, na hapa ndipo nyumba nyingi za muziki hugombana. Watu hununua sponji wakabandika ukutani wakidhani sauti itabaki ndani. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba; sauti inayotoka nje haiizuii. Sauti hupita panapopita hewa, na kwanza kabisa ni ule mwanya chini ya mlango. Mlango mzito wa mbao nzima, ukanda wa mpira kuzunguka fremu, na kizuizi cha mpira kinachogusa sakafu vitawasaidia kuliko sponji za ukuta mzima. Mlango mwepesi wenye uwazi katikati hautasaidia hata mkiuziba. Midundo mizito ya dramu husafiri kupitia zege la sakafu, ndiyo maana ghorofa ya chini hulalamika hata mlango ukifungwa. Inabidi dramu zikae juu ya jukwaa dogo lililolazwa kwenye mpira mnene. Hata dramu za umeme, ambazo mpigaji anasikiliza kwa hedifoni, bado pedali zake hugonga sakafu. Fidla yako ina unafuu: kile kipunguza-sauti cha mpira kinachobanwa juu ya daraja (kile kibao kinachoinua nyuzi) kinakuruhusu ufanye mazoezi chumbani bila kugombania stoo. Mwenye tarumbeta naye ana kizibo chake. Wenye dramu hawana pa kwenda, kwa hiyo mgawo wa haki huenda ukawa wao wapewe saa nyingi za stoo, nanyi wengine mpewe ukimya katika saa maalumu.

Masikio pia yaingie kwenye mazungumzo. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na kiwango cha mwisho kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda ulio salama unapungua nusu. Ukifika desibeli 100 umebakiwa na robo saa. Dramu ndani ya chumba kidogo huvuka hapo bila taabu. Vizibo vya masikio viwe kwenye ndoano mlangoni, na viwe vya watu wote.

Kwa upande wako wewe mwenye zamu za usiku, mambo mawili yaandikwe kabla ya saini yako: chumba chako kiwe ncha ya pili ya korido, mbali na stoo, na siku unayotoka zamu dramu zisianze kabla ya saa 9 alasiri. Usiombe "wawe wananionea huruma". Ubao wa ratiba jikoni ambao wewe mwenyewe unaweka alama ya zamu zako mwanzoni mwa kila mwezi unatosha, na haumlazimishi mtu kukumbuka.

Familia nazo zina utaratibu, ila haujaandikwa kwa sababu umekua nao. Watu 12 wazima kutoka nyumba 12 wana taratibu 12 vichwani. Toronto, nchini Kanada, kuliwahi kuwa na jengo la ghorofa 18 liitwalo Rochdale College, lililofunguliwa mwaka 1968 wanafunzi wakiishi na kujiendesha wenyewe karibu bila kanuni. Lilianza kwa matumaini makubwa. Likazongwa na dawa za kulevya, mkopo wa jengo ukashindikana kulipwa, na mwaka 1975 wakaazi wa mwisho wakatolewa. Upande wenu wa vitanda 12 hautafika huko, lakini mkondo ni ule ule: walio wapole huhama kimya kimya, na wanaobaki hawajui kwa nini.

Karatasi moja inatosha. Iseme saa za ukimya. Iseme jinsi stoo inavyoandikishwa na nini hutokea mtu akiandika jina asitokee (dakika 15 zikipita, nafasi ni ya yeyote). Iseme spika ni ya nani, waya za nani, na kikivunjika anayelipa ni nani. Ala za mbao zina sharti lao: unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 60, mbali na jiko na dirisha la jua, kwa hiyo msiache mtu akaamua kwamba fidla zitakaa juu ya kabati la jikoni. Zamu ya jiko iende kwa vyumba. Vyumba ni 6 na wiki ina siku 7, basi zamu itahama yenyewe, wala hakuna chumba kitakachobanwa na Jumatatu mwaka mzima. Na kuwe na kikao cha nusu saa kila baada ya wiki mbili, hata kama hakuna ugomvi. Kikao kinachoitishwa siku ya ugomvi tu, watu hukiogopa.

Mtu atapendekeza faini. Lipimeni vizuri wazo hilo. Wachumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio la vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Vituo 6 kati ya 10 vilianza kuwatoza faini wazazi waliochelewa kuwachukua watoto wao. Uchelewaji ukaongezeka, na faini ilipoondolewa haukurudi chini. Wazazi walikuwa wamepata bei ya kuchelewa. Mwenye fedha nyumbani kwenu atalipa, vyombo vitabaki, na hatajiona amekosea.

Nimekaa sana hapa kwa sababu ndipo penye majibu unayoweza kuyapata ndani ya wiki mbili. Kama kiongozi wenu atakaa nawe saa moja mkaandika karatasi hiyo, umejua jambo kubwa juu ya nyumba. Akikwepa tena, nalo umelijua. Hilo halimfanyi mtu mbaya wa kupiga naye muziki.

Kuhusu fidla kugeuka kazi, hofu yako ina msingi. Mwaka 1973 wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti ambamo waliwachukua watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore, baadaye wakiachwa huru walichora kidogo kuliko wengine. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, mapenzi yao hayakupungua. Kwako kitanda kinaweza kuwa cheti cha kuahidiwa: napiga ili nisipoteze makazi. Hata hivyo, hebu jiulize kilichokuchosha sekondari kilikuwa nini hasa. Ni kupiga kwa ratiba? Ni mashindano na majaji? Ni mwalimu? Au ni mwaka wa mitihani uliokuchosha kwa kila kitu na fidla ikaangukia humo? Majibu haya hayaelekei mahali pamoja. Kama ni majaji, nyumba isiyo na mashindano haikutishi sana. Kama ni ratiba, onyesho la kila semesta litakubana.

Nenda ofisi ya hosteli, usiulize kikundi peke yake: hizo shughuli 2 za mwezi ni zipi? Kuchapa programu ya onyesho inahesabiwa? Kuja kusikiliza? Kufundisha mwanafunzi mwingine noti kwa saa moja? Na mkaazi akiomba kupumzika muziki semesta moja kwa sababu ya wodi, anabaki na kitanda chake? Nyumba nyingi zina jibu la huruma kwa mdomo na jibu jingine kwenye maandishi. Uliza pia nani anatunza daftari la mahudhurio. Watu 12 mara 2 ni mahudhurio 24 kila mwezi, na nyumba hushindwa tathmini si kwa kukosa shughuli, ila kwa kukosa pa kuzionyesha. Onyesho lenyewe liwekwe wiki ya 8 au ya 9. Likisukumwa hadi ukingoni mwa mitihani, wawili watabeba viti na kumi watakuwa maktaba, na mara nyingi mmoja wa wale wawili ni mpole kama wewe.

Tuje kwa mwenzako. Umeniuliza kama kuhama ni kumsaliti. Kubadili chumba baada ya miaka miwili ni jambo wanafunzi hulifanya na wakabaki marafiki. Kinachoweza kumuumiza ni ile "tutaona". Yeye anapanga ghorofa, wewe unajua kwamba huenda hutakuwepo, na kila siku inayopita inamnyima nafasi ya kumchagua mwingine wa kukaa naye. Akiisikia koridoni kwa mtu mwingine, ataumia kwa kufichwa kuliko kwa kuachwa. Nadhani unaweza kumwambia kabla hujaamua, tena hiyo ndiyo njia yenye heshima: "Kuna jambo sijakwambia na linanikera. Kikundi cha muziki kimeniomba nikahamie kwao mwaka ujao. Sijajibu. Sikutaka ulisikie nje, na sitaki ukose chumba kwa sababu yangu." Kisha nyamaza, mwache aseme. Umeshamwandikia majibu moyoni mwako, lakini hujui. Pengine naye ana mtu alitaka kukaa naye akaona haya kukuacha. Pengine atalia. Yote mawili mnaweza kuyabeba, nyinyi ambao mmebeba mitihani na ugonjwa pamoja.

Ukihama, usitegemee kukutana naye kwa bahati. Zile takwimu za milango zinahusu hata urafiki wa zamani: mkiacha kupishana, mtaanza kusahauliana bila ugomvi wowote. Wekeni siku, jioni moja ya wiki, na iandikwe kwenye ubao kama zamu zako za wodini.

Utajaribiwa kumpa mwenzako huyo kitanda cha 12 ili usichague. Si wazo baya. Nyumba ya muziki inahitaji watu wa kupanga onyesho, kushika spika, kutunza daftari, na mtu anayepanga vizuri anaweza kuwa na faida kuliko mpiga gitaa wa tano. Hatari yake ni kwamba atakuwa amekufuata wewe. Siku ukiwa na zamu ya usiku, atakuwa sebuleni na watu 10 wanaozungumza noti. Mwulize kama angeitaka nyumba hiyo hata wewe usingekuwemo, na ulipokee jibu lake kama lilivyo.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja. Unaweza kubaki chumbani kwako na ukaendelea na mazoezi ya Jumamosi, ukacheza kwenye onyesho kama mgeni wa nyumba, kisha mwakani ukaomba baada ya kuiona inavyoendeshwa. Inakulinda usingizi na inakupa mwaka wa kwanza wa wodi bila mzigo wa kuanzisha kitu. Ila nayo ina gharama. Waanzilishi ndio wanaoandika karatasi, na atakayekuja baadaye atazikuta saa za ukimya zimeshaamuliwa na wapiga dramu. Vilevile watakuwa na utani wao ambao hukuwepo ulipozaliwa, na kwa mtu mwenye upweke hilo linauma kuliko linavyoonekana kwa mbali.

Na huo upweke, binti yangu, sidhani kama unatokana na mahali unapolala tu. Unatoka kwenye kozi ambayo kila mtu anasoma peke yake. Ukihamia nyumba ya muziki, mchana wako wodini utabaki vilevile. Kuwatafuta wenzako wawili wa kozi mkasomeane kesi za wagonjwa mara moja kwa wiki ni jambo unaloweza kulianza hata kesho, uhame au usihame, na pengine likakuonyesha ni kiasi gani cha upweke huo kilikuwa kinadai muziki na kiasi gani kilikuwa kinadai mtu yeyote wa kuzungumza naye.

Mama yako anakuhofia masomo, na ana haki. Ukimpelekea ratiba yenye zamu, saa za kusoma na zile saa 3 na nusu za stoo, mtazungumza juu ya wiki halisi. Bila ratiba mtabaki mkibishania fidla. Na juu ya lawama za vitanda kutojaa: ukikataa, kitanda kimoja zaidi kinakwenda kwa mtu wa orodha. Nyumba haifi. Mzigo wa watu 10 usiubebe wewe wa 11 ambaye hata hujaingia. Ukiona jibu ni hapana, waambie mapema wiki hii ili wamtafute mwingine. Hicho ndicho mnachodaiana.

Kwa mpangilio, ningeanza na mwenzako, leo au kesho, kisha ile jioni ya siku ya kazi, kisha saa moja na kiongozi na karatasi. Ofisi ya hosteli iwe kabla ya wiki ya pili kuanza, kwa sababu majibu yao huchelewa. Ukifika huko waulize na hili: kama kuna fomu ya kuhama mwanzo wa semesta ya pili, na siku yake ya mwisho ni lini. Kama ipo, unatia saini ya semesta moja. Kama haipo, ni ya mwaka mzima, na karatasi yenu inabidi iandikwe kwa uangalifu mara mbili.

Shangazi